Mti mgonjwa ukishakatwa: uombe fidia, miche, marejesho, au serikali ipande yenyewe?

Mwenye shamba la michungwa lililoingiwa na ugonjwa usio na dawa hana mengi ya kuamua kuhusu mti wenyewe. Leo au mwakani, atakata. Kinachobaki ni hesabu: nani alipie kung'oa visiki, nani alipie miche, na nyumba ile nini mpaka mti mpya uzae. Mchungwa wa kubebesha huanza kuonyesha matunda ukiwa na miaka mitatu hivi, na mavuno ya kupeleka sokoni huja baadaye zaidi. Kakao ni vivyo hivyo. Kahawa ya robusta ina haraka kidogo, lakini nayo haizai kesho.

Serikali kadhaa duniani zimewahi kuingia katika hesabu hiyo, kila moja kwa mlango wake. Hapa ninaweka bega kwa bega njia nne ambazo kweli zimetumika, Marekani, Ghana na Uganda, na ya tano ya New Zealand naigusa kwa sababu inafupisha safari. Ninaandika nikiwafikiria viongozi wa AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya mazao, na vikundi vya wakulima wanaojiandaa kwenda halmashauri au wizarani. Mara nyingi tunaomba "msaada", na tukiulizwa msaada gani tunajibu haraka, "miche". Jibu hilo huenda likawa ndilo la bei rahisi kuliko yote kwa anayetoa, na lenye hasara kuliko yote kwa anayepokea.

Suala lenyewe halipo mbali nasi. Ugonjwa wa ukijani wa michungwa, unaofahamika kimataifa kwa kifupi HLB, una sura ya Kiafrika ambayo imekuwapo kwenye nyanda za juu za Afrika Mashariki kwa miongo mingi. Mdudu anayeisambaza anapenda baridi, ndiyo maana mashamba ya joto ya ukanda wa pwani yalipata nafuu. Lakini katika miaka ya 2010 watafiti walimkuta Tanzania na Kenya mdudu wa Kiasia, yule aliyeimaliza Florida, na huyo joto halimsumbui. Mkulima wa Muheza anayo sababu ya kusoma habari za Florida.

Msimamo wangu nautoa mapema ili msomaji asome akijua: ninapima kila msaada kwa jinsi unavyomvusha mkulima katika miaka isiyo na mavuno. Bei ya mche naiweka nyuma.

| Njia | Ilikotumika | Nani anatoa pesa kwanza | Miaka isiyo na mavuno |
|---|---|---|---|
| Marejesho ya gharama | Marekani, mpango wa TAP | Mkulima | Hailipiwi |
| Serikali kukata na kupanda | Ghana, kakao | Serikali | Inaguswa kwa fedha kidogo na ndizi za kivuli |
| Fidia kwa mti | Florida, ugonjwa wa kanka | Serikali, kwa kuchelewa | Wenye mashamba ya biashara walilipiwa, wenye miti ya uani hawakulipiwa |
| Miche ya bure | Uganda, kahawa | Serikali, kwa mche tu | Hailipiwi |

Marekani: panda kwa pesa yako, uje na risiti

Mpango wa Msaada wa Miti, TAP, uko chini ya Wizara ya Kilimo ya Marekani na unaendeshwa na ofisi za FSA, wakala wa wizara hiyo, zilizo karibu na wakulima kwenye kaunti. Unahusu miti, vichaka na mizabibu inayozaa mazao ya kila mwaka ya biashara. Miti ya mbao haimo. Janga linaweza kuwa baridi kali, mafuriko, moto, ukame, wadudu au ugonjwa. Sheria ya kilimo ya mwaka 2014 iliufanya kuwa mpango wa kudumu, kwa hiyo mkulima hana haja ya kungoja bunge likae kila linapotokea janga.

Kiwango kinachotajwa zaidi ni 65%: serikali inarudisha hadi asilimia hiyo ya gharama halisi ya kupanda upya. Mkulima anayeanza na mkongwe wa jeshi hupewa 75%. Ukisikia hivyo unaona mkono mkubwa. Lakini kwa miaka mingi kulikuwa na kizingiti: hasara ilipaswa kuzidi 15% ya miti, baada ya kuondoa vifo vya kawaida vya kila mwaka, na malipo yalihesabiwa kwa ile miti iliyozidi kizingiti tu.

Tuchukue mfano wa kubuni, na vifo vya kawaida tuviweke kando ili hesabu iwe nyepesi. Shamba lina michungwa 1,000, imekufa 400. Kila mche, pamoja na shimo na kazi ya kupanda, unagharimu dola 10. Mkulima anatoa mfukoni dola 4,000. Miti 150 ya kwanza ni mzigo wake. Inabaki 250, gharama yake dola 2,500, na 65% yake ni dola 1,625. Kwa hiyo ile 65% ya kwenye tangazo, ukiigawa kwa gharama yote, ni kama 41%. Na aliyepoteza miti 140 kati ya 1,000 hakupata hata senti. Sheria iliyopitishwa Julai 2025 ilikilegeza kizingiti hicho kwa faida ya mkulima, lakini mfano huu unabaki na kazi yake: kwenye mpango wowote wa namna hii, asilimia isikuvutie kabla hujauliza inahesabiwa kutoka mti wa ngapi.

Masharti mengine nayapitia haraka. Maombi yapelekwe ndani ya siku 90 tangu janga litokee au tangu hasara ionekane wazi. Shamba likaguliwe. Ukishaidhinishwa una miezi 12 ya kupanda. Ekari zinazoweza kulipiwa kwa mwaka ziliongezwa mwaka 2018 kutoka 500 hadi 1,000, na mwaka huohuo dari ya malipo ya dola 125,000 kwa mtu ikaondolewa. Mabadiliko hayo mawili yanakuambia nani aliyekuwa na sauti bungeni, kwani mwenye ekari kumi hakuwa akisumbuliwa na dari ya ekari 500.

Kwa ugonjwa unaoua taratibu kama HLB, zile siku 90 ni mtihani. Baridi kali huja usiku mmoja na kila mtu anaijua tarehe yake. Mchungwa wenye HLB hupoteza majani mwaka huu, mwakani matunda yanakuwa madogo na machungu, mwaka wa tatu matawi yanakauka. Hasara "ilionekana wazi" lini? Asiye na kumbukumbu za maandishi za mavuno yake atashindwa kujibu, na aliye nazo atajibu vizuri.

Hata hivyo TAP ina jambo moja ambalo ningependa liigwe popote. Anayelipwa ni mwenye miti, hata kama ardhi si yake. Mpangaji aliyepanda miti yake juu ya ardhi ya mtu mwingine anaweza kuomba. Tutaona Ghana kwa nini hilo lina uzito.

Kasoro kubwa nimekwisha kuitaja kwenye jedwali: unatoa kwanza, unarudishiwa baadaye, na mavuno uliyoyakosa hayamo. Kwa Mmarekani mwenye benki inayomwamini na bima ya mazao pembeni, hilo linavumilika. Anayeuza machungwa ili alipe ada ya shule Januari hatavumilia. Na hata kule halikutosha. Florida ilivuna masanduku milioni 242 ya machungwa msimu wa 2003–04, HLB ikagunduliwa huko mwaka 2005, na msimu wa 2022–23 yalipatikana chini ya milioni 16. Januari 2025 kampuni ya Alico, mmoja wa wakulima wakubwa kabisa wa machungwa katika jimbo hilo, ilitangaza kwamba inaachana na zao hilo. Wakubwa hao walikuwa na kila fomu mkononi. Walikosa mti unaoweza kuishi katikati ya miti ya jirani iliyooza.

Ghana: wanakuja na mapanga yao

Ghana haina mchezo na jambo hili kwa sababu limewahi kuingia kwenye historia ya nchi. Ugonjwa wa kuvimba machipukizi ya kakao, unaosababishwa na virusi na kusambazwa na vidung'ata, ulionekana huko mwaka 1936. Dawa yake mpaka leo ni kukata. Serikali ya kikoloni ilipoanza kukata mashamba kwa nguvu miaka ya 1940, wakulima walichukia sana, na chuki hiyo ikawa miongoni mwa mambo yaliyowasha ghasia za Accra za mwaka 1948. Tangu hapo hakuna serikali Ghana inayotuma watu na mapanga kwenye kakao bila kufikiria mara mbili.

Mpango wa karibuni ulizinduliwa mwaka 2020 na kuendeshwa na COCOBOD, bodi ya kakao, kwa sehemu ya mkopo wa dola milioni 600 ulioandaliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Utaratibu wake ni kinyume kabisa na ule wa Marekani. Vibarua wa bodi ndio wanaokata miti, ndio wanaopanda migomba ya kivuli, ndio wanaoleta miche ya kakao chotara na miti ya kivuli cha kudumu, na ndio wanaopalilia kwa miaka miwili. Baada ya hapo shamba linarudi mikononi mwa mkulima. Juu ya hayo mkulima alilipwa sedi 1,000 kwa hekta, na mwenye ardhi naye sedi 1,000 kwa hekta.

Hayo malipo mawili ndiyo sehemu ya mpango huu ninayoipenda zaidi, na ndiyo inayohitaji maelezo. Sehemu kubwa ya kakao ya Ghana hulimwa kwa makubaliano ya kienyeji yanayoitwa abunu na abusa, yaani mgawanyo wa nusu kwa nusu au wa theluthi. Mgeni anapewa msitu, anaugeuza shamba, kisha yeye na mwenye ardhi wanagawana. Katika maeneo mengi haki ya mgeni inafungwa kwenye miti: kakao ikiwepo, yupo, kakao ikiisha, ardhi inarudi kwa mwenyewe. Sasa mwambie mtu huyo akate miti yote kwa hiari. Atakuficha ugonjwa mpaka mti wa mwisho uanguke, na wakati huo virusi vimekwishahamia kwa jirani. Mwenye ardhi naye, akiona shamba jeupe, anapata wazo la kulikatia mtu mwingine, au la kuwauzia wachimba dhahabu. Kuwalipa wote wawili, na kuwaita wote wawili kwenye makubaliano kabla panga halijainuliwa, ni kukubali kwamba ugonjwa wa mti unaponywa pamoja na ugonjwa wa mkataba.

Hilo tunalo pia. Nani kwetu hajui shamba ambalo minazi ni ya mtu huyu na ardhi ni ya ukoo ule? Pwani nzima mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe tofauti, na halmashauri ikileta fedha ya kupanda upya bila kujua hilo, itakuwa imeleta kesi.

Upungufu wa Ghana uko kwenye kiasi. Sedi 1,000 mwaka 2020 zilikuwa kama dola 170. Desemba 2022 mfumuko wa bei nchini humo ulipita 50%, na sedi ilikuwa imeporomoka vibaya. Fedha iliyoandikwa kwa tarakimu moja kwenye mpango wa miaka mingi huyeyuka, na anayeyeyukiwa ni yule aliyekatiwa shamba mwishoni. Migomba ilisaidia: mkulima anauza ndizi wakati kakao inakua. Kwa hesabu yangu ndizi ndizo zilizokuwa ruzuku ya kweli ya miaka ile, kwa sababu bei ya ndizi ilipanda pamoja na bei ya kila kitu.

Kisha likaja jambo ambalo hakuna aliyelipangia. Mwaka 2024 bei ya kakao kwenye soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani. Mti mgonjwa unaotoa nusu ya mavuno, kwa bei hiyo, ni mti wa kubaki nao. Kila mpango wa kukata unashindana na bei ya siku hiyo, na fidia isiyopanda bei inapopanda itashindwa.

Florida tena: pesa kwa kila mti

Kabla ya HLB, Florida ilipigana na kanka ya michungwa, ugonjwa wa bakteria unaotia madoa kwenye majani na matunda. Ulionekana tena Miami mwaka 1995. Kuanzia mwaka 2000 kanuni ikawa kali: mti mmoja ukikutwa na kanka, michungwa na milimau yote iliyo ndani ya futi 1,900, kama mita 580, inakatwa hata ikiwa mizima machoni. Zaidi ya miti milioni 16 ilikwenda. Vimbunga vya 2004 na 2005 vikasambaza bakteria kila kona, na Januari 2006 serikali ikakubali kwamba imeshindwa, ikaacha.

Hapa hapakuwa na hiari wala marejesho. Ni amri, na amri ina fidia. Wenye mashamba ya biashara walilipwa na serikali kuu hadi dola 26 kwa kila mti wa kupandwa upya, na kulikuwa na malipo mengine kwa ekari kwa ajili ya mapato yaliyopotea. Hilo la pili ndilo linalonifanya niiheshimu njia hii: miongoni mwa njia nne, ni hapa tu ambapo sheria ilitamka waziwazi kwamba mkulima anapoteza miaka, na miaka ina bei.

Wenye mti mmoja mmoja uani walipewa vocha ya dola 100 ya duka la Walmart kwa mti wa kwanza, na dola 55 kwa kila uliofuata. Wengi hawakukubali. Wakaenda mahakamani kaunti kwa kaunti wakidai thamani halisi ya miti yao, baraza la raia wanaoamua kesi mahakamani likawapa haki sehemu kadhaa, na bado malipo yalisuasua kwa zaidi ya miaka kumi kwa sababu hukumu ya kulipwa na bajeti ya kulipa si kitu kimoja. Mwaka 2017 bunge la jimbo lilitenga fedha za baadhi yao na gavana akazipiga kura ya turufu.

Funzo kwa anayeomba: fidia ni nzuri ikiwa kiwango chake kimeandikwa kabla ya kukatwa mti wa kwanza. Tanzania tangu mwaka 2020 tuna Sheria ya Afya ya Mimea na mamlaka yake, TPHPA, na Kenya wana KEPHIS, shirika lao la ukaguzi wa afya ya mimea. Wakaguzi wakija shambani kwa ajili ya ugonjwa wa karantini, swali la kwanza la kikundi liwe: kifungu kipi, kiwango gani, kinalipwa lini? Ukiuliza baada ya shamba kuwa jeupe, huna tena cha kujadiliana nacho.

Uganda: miche ya bure

Mnyauko wa kahawa uliingia Uganda mwaka 1993, na kwa makadirio yanayotajwa sana uliua karibu nusu ya robusta ya nchi. Ni fangasi wa udongoni, anaziba mishipa ya maji ya mti, na mti unakauka ukiwa umesimama na matunda yake. Watafiti wa Kituza, Mukono, walifanya kazi kubwa: wakapata aina saba zinazostahimili, KR1 hadi KR7. Serikali nayo ikagawa miche, kupitia mamlaka ya kahawa na baadaye kupitia Operesheni ya Kuzalisha Mali iliyosimamiwa na wanajeshi.

Tatizo liko kwenye baolojia kabla halijafika kwenye siasa. Mbegu ya robusta haizai mtoto anayefanana na mama. Ustahimilivu wa KR unabebwa na vipandikizi au na miche ya maabara, na hiyo inatoka kwa uchache. Ahadi ikiwa ya mamilioni, kinachojaza lori ni miche ya mbegu. Mkulima anapokea mche wa kijani wenye afya, anaupanda pale pale ulipokufa mbuni wa zamani, na fangasi yupo udongoni anasubiri. Juu ya hilo kuna lawama iliyorudiwa miaka yote: miche kufika mvua zimekwisha. Takwimu za serikali zinahesabu miche iliyotoka kitaluni. Aliyehesabu iliyofikisha miaka mitatu ni mkulima.

Kwa michungwa hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu HLB husafiri ndani ya mche wenyewe. Kitalu cha wazi, kisicho na wavu wa kuzuia wadudu, kikichukua vikonyo vya kubebesha kwenye miti ya jirani, kinaweza kugawa ugonjwa kwa wilaya nzima kwa gharama ya serikali. Florida iliona hilo ikalazimisha vitalu vyote vya michungwa kuingia ndani ya vyumba vya wavu. Mpango wa miche ya bure ya machungwa usiotaja wavu na asili ya vikonyo, mimi ningeukataa hata ukiletwa mlangoni.

Nisiwe mkali kupita kiasi. Miche ya bure inafaa pale aina inayostahimili ipo kweli, kitalu kiko karibu, na mkulima hakati shamba zima kwa mpigo. TaCRI ya Lyamungo, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania iliyoanzishwa mwaka 2001, imetoa aina za arabika zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Mwenye mibuni 600 anaweza kubadili 100 kila mwaka huku 500 ikiendelea kumlisha. Mpango wa namna hiyo ni wa polepole, hauna picha za waziri akishika koleo, na unafanya kazi. Kwa mnyauko au HLB haufai, kwa kuwa mgonjwa anayebaki anamwambukiza anayeingia.

New Zealand, kwa ufupi

Novemba 2010 bakteria wa Psa aligunduliwa Te Puke, kitovu cha tunda la kiwi. Aina ya dhahabu iliyokuwa ikilimwa wakati huo, Hort16A, haikuwa na kinga yoyote. Serikali ilitoa dola milioni 25 za nchi hiyo na wakulima kupitia sekta yao wakatoa nyingine 25. Lakini kilichowaokoa ni kisu: walikata sehemu ya juu, wakaacha shina la chini na mizizi yake iliyokomaa, wakabebesha aina mpya ya G3 iliyovumilia ugonjwa. Mti wenye mizizi tayari hurudi sokoni mapema kuliko mche wa kuanza na shimo. Wakulima waliodai kwamba serikali ndiyo iliyozembea kuingiza ugonjwa walikwenda mahakamani, na mwaka 2021 wakamaliza shauri kwa malipo ya dola milioni 40 za huko.

Kubebesha juu ya shina la zamani hakufai HLB, ambayo imo mpaka mizizini, wala mnyauko. Kwenye embe na parachichi, ambako tatizo ni aina dhaifu na shina la chini ni zima, ni jambo la kuomba kabla ya miche: mafundi wa kubebesha, vikonyo safi, na posho ya msimu mmoja au miwili.

Basi kikundi chenu kiombe nini?

Inategemea ugonjwa kwanza, na mfuko baadaye.

Ikiwa mtakata kwa amri ya mkaguzi, ombeni fidia yenye vipande viwili, kama ile ya mashamba ya biashara ya Florida: bei ya mti na malipo ya miaka isiyo na mavuno. Msikubali kipande cha kwanza pekee. Na kwa sababu ya kilichotokea Ghana, kiwango kifungwe kwenye kitu kinachopanda na kushuka, kwa mfano bei ya zao msimu uliopita, badala ya shilingi kadhaa zisizobadilika.

Ikiwa wengi kwenye kikundi ni wakulima wa ekari moja au mbili, au wanalima ardhi ya wengine, njia ya Ghana ndiyo ninayoipa nafasi ya kwanza, pamoja na mapungufu yake. Kazi ya kukata na kung'oa visiki inataka nguvu na vifaa ambavyo mjane wa ekari moja hana. Miaka miwili ya palizi ya bodi ni fedha iliyotolewa kwa sura ya kazi, na si rahisi kuitafuna njiani. Mazao ya kupanda katikati yaandikwe kwenye mpango tangu mwanzo: migomba, mapapai, hata mihogo mwaka wa kwanza.

Marejesho ya mtindo wa TAP yanamfaa mwenye mtaji na mafaili. Kama kikundi chenu kina SACCOS imara, yanaweza kugeuzwa: SACCOS inatanguliza fedha, serikali inairudishia, mkulima hagusi deni. Bila mtu wa kutanguliza, mpango huo utawafikia wakubwa wa wilaya na kuishia hapo. Mkopo wa benki ya kilimo ni ndugu yake: uliza rejesho linaanza mwezi wa ngapi. Likianza kabla ya mwaka wa nne kwa michungwa, mnakopa ili mlipe kwa fedha isiyotokana na michungwa.

Kwa HLB nina sharti moja juu ya yote. Msaada uombwe na kijiji kizima au usiombwe. Mdudu anaruka kutoka shamba lililoachwa kwenda kwenye mche mpya wa jirani, na ruzuku ya mmoja inakwenda na maji. Kata kwa pamoja, au subiri na ulime kitu kingine kwanza. Ushauri wa kubadilisha zao kabisa haupendwi, lakini Florida yenye fedha zake zote imefikishwa huko.

Chochote mtakachoomba, msikate kabla ya kuhesabu. Miti yote, hai na iliyokufa, kwa safu, na picha zenye tarehe, na mavuno ya misimu mitatu iliyopita hata kama ni kwa magunia yaliyoandikwa kwenye daftari la mnunuzi. Bwana shamba atie sahihi, mtendaji wa kijiji agonge muhuri. Na kwa kila shamba ambalo mwenye miti na mwenye ardhi ni watu wawili, karatasi ya tatu: kwamba miti mipya inashika nafasi ya ile ya zamani, kwa mgawanyo uleule, na kwamba shamba kuwa tupu kwa sababu ya ugonjwa hakumwondoi mlimaji. Sahihi zao wote wawili ziwekwe wakati miti ya zamani bado imesimama.